Kamba Iliyolazwa Mchangani

Siku boti ya wafungwa ilipoingia majini, hapakuwa na mkono wa mtu ulioigusa. Winchi ya bandari ya Kisimayu iliiinua kutoka kwenye lori kwa mikanda miwili mipana, ikaning'inia hewani kama mbuzi anayepimwa uzito, ikazungushwa taratibu, ikashushwa baharini. Mkuu wa gereza alipiga makofi. Hakimu alipiga makofi. Zakiya, aliyehangaika mwaka mzima kuwakutanisha watu hao wote, alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Anwari alisimama pembeni na wenzake watano, wamevaa fulana za rangi moja walizopewa asubuhi ile. Viganja vilimwasha. Alivikuna, akaviweka nyuma, akavikuna tena. Alizaliwa kisiwani Ngumi, na tangu apate akili hakuwahi kuona chombo kipya kikiingia majini bila watu kukivuta. Visiwani jambo hilo huitwa kushua. Mwenye chombo hulaza kamba mchangani, akasimama. Hamwiti mtu kwa jina, hamshiki mtu mkono. Anayejitokeza mwenyewe akaikamata kamba amekikubali chombo pamoja na wenye kukimiliki. Lakini mfungwa hamsahihishi mkuu wa gereza mbele ya wageni. Anwari alinyamaza.

Fundi Abdulrazaq, aliyewafundisha gerezani kuchonga mataruma, yaani mbavu za chombo, na kuziba nyufa kwa pamba na mafuta ya papa, angesema. Siku hiyo alikuwa kwao, kisiwani Kudhaa, akimzika dada yake.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na haifai kuusema vibaya. Gereza lilitoa uwanja na watu. Shirika alilofanyia kazi Zakiya lilitoa mbao, mashine ya boti na makasha ya barafu. Mahakama ilikubali wale sita watoke kabla ya muda wao, mradi wafanye kazi: kupeleka barafu visiwani na kurudi Kisimayu na samaki. Polisi wa pwani wangewaona kila Alhamisi. Hakimu aliwaambia, "Nataka kuiona kazi kabla ya Ramadhani. Nisipoiona, mtarudi ndani mkamalize vifungo vyenu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Safari ya kwanza Anwari alichagua Ngumi, kwao. Watu waliitikia salamu zake, wakamuuliza afya, shangazi yake akamletea maji na tende. Barafu hakuna aliyeitaka. Wavuvi walipita mbele ya boti na matenga yao, wakakaa kivulini kuingoja boti nyingine, ile kuukuu ambayo kila mtu anajua barafu yake huishia njiani.

"Ami, samaki hao wataoza," Anwari alimwambia mvuvi mmoja aliyemjua tangu utotoni.

"Wataoza," yule mvuvi alikubali.

"Na barafu hii hapa."

"Naiona," alisema kwa Kibajuni cha visiwani, ambako mtu huitwa mchu. "Lakini chombo chako hakikushuliwa, mwanangu. Kimetupwa majini na mnyama wa chuma. Mchu hatii riziki yake ndani ya kitu kama hicho."

Fuadi, mwenzake Anwari tangu siku za wizi mpaka za jela, alidakia kutoka ndani ya boti. "Na hiyo mashine ya boti yako, ami, iliyotoka Japani? Nayo mliivuta kwa kamba?"

Mvuvi alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akanyanyua tenga lake, akaenda zake.

Walijaribu Kudhaa. Huko hata hawakuteremka. Watu walisimama ufukweni wamekunja mikono, hawatukani, hawafukuzi, wanatazama tu. Anwari alijua sababu. Miaka minne nyuma, yeye na Fuadi waliiba mashine ya boti katika ufuko ule ule. Aligeuza boti mwenyewe kabla hajaambiwa.

Walirudi Kisimayu na makasha yanayovuja. "Hakuna matajiri kama sisi," Fuadi alisema. "Tunachoma petroli kuipelekea bahari maji."

Wenzao walicheka. Anwari hakucheka. Swali moja lilikuwa likimzunguka kichwani kama nzi: je, wanakikataa chombo, au wanatukataa sisi na chombo ndicho kisingizio? Mara nyingine aliona ni hili, mara nyingine lile. Hakuweza kukaa. Alifunga kamba ya nanga akaifungua. Alifuta mashine iliyokwisha kufutwa. Alitembea kutoka boti mpaka msikitini akarudi, na alipofika hakukumbuka alikwenda kufuata nini.

Simu ya Fuadi ililia siku ya tatu. Fuadi alisikiliza kidogo, akampa Anwari.

"Wanaume!" ilikuwa sauti ya Adnani, mwenye duka la vipuri karibu na soko, ambaye kwa miaka alinunua mashine bila kuuliza zilikotoka. "Mmetoka hamji hata kunisalimu? Nasikia mna boti."

"Tunayo."

"Mna boti, mna mafuta, mna barua ya hakimu mfukoni. Askari gani atawasimamisha? Kisiwani Koyama kuna mashine mbili, wenyewe wako msibani bara. Mnazifunika kwa barafu yenu, mnaniletea. Au mnasubiri wale wa visiwani wawapende?"

Anwari alikata simu. Hakusema ndiyo. Kilichomkosesha raha ni kwamba hakusema la.

"Atapiga tena," Fuadi alisema, akiitazama simu yake kama mtu anayetazama chakula cha mwenzake. "Mimi jela sirudi, Anwari. Na njaa pia siitaki. Nichagulie wewe."

Asubuhi yake Anwari alikwenda ofisini kwa Zakiya. Zakiya alikuwa Mbajuni wa kisiwa cha Chovai kwa nasaba, lakini wazazi wake walikimbia vita naye akiwa mgongoni, akakulia Mombasa. Wavuvi walimpenda, wakamcheka kwa namna alivyosema maneno yao kwa lafudhi ya watu wa Mvita. Alimsikiliza Anwari mpaka mwisho, kalamu mkononi, asiandike kitu.

"Hawachukui barafu kwa sababu ya winchi?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza, Anwari!"

"Dada Zakiya, nilikuwa nimevaa fulana mliyonipa. Mtu akivishwa nguo hasemi imembana."

Zakiya aliinuka akaenda dirishani. "Mimi ndiye niliyeitafuta ile winchi," alisema. "Nilimbembeleza mkuu wa bandari siku nzima. Nikaona nimewapunguzia kazi." Akageuka. "Basi tuishue sasa."

"Iko majini."

"Tuitoe."

Anwari alimtazama kama anatania. Hakuwa anatania.

Kuitoa boti majini ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa ruhusa. Ilibidi chombo kipandishwe Kudhaa, kwenye ufuko wa Fundi Abdulrazaq, na wale sita walale huko siku kadhaa, wakati amri iliwataka wawe Kisimayu kila magharibi. Polisi wakasema waulizwe gereza. Gereza likasema mahakama. Karani wa mahakama akasema hakimu hawezi kutia saini mpaka polisi wakubali. Zakiya alizunguka mduara huo mara mbili. Mara ya tatu alimwambia kila mmoja wao kwamba wale wengine wawili wamekwisha kufika ofisini kwake wanamngoja yeye tu. Wakaja wote watatu, wakajikuta ndio kwanza chai inachemshwa. Hakimu alielewa mapema kuliko wenzake, akaficha tabasamu ndani ya kikombe. Zakiya akapata ruhusa, kwa sharti kwamba askari mmoja wa pwani aende nao, na kwamba Ramadhani ni ile ile.

Fundi Abdulrazaq aliwapokea Kudhaa kwa matusi. "Nimewafundisha kujenga chombo, nyinyi mmejenga ndoo! Ndoo ndiyo inayotumbukizwa kwa kamba ya juu!" Aliizunguka boti iliyokwisha kupandishwa mchangani kwa maji ya usiku, akaigonga kwa kifundo cha kidole kila ubao, akalainika kidogo. "Ubao si mbaya. Zibeni upya. Tutashua kwa bamvua la Jumatatu, maji makubwa yakijaa alasiri. Likitupita hilo, bamvua jingine ni mwezi ukiandama, Ramadhani imeshaingia."

Walichovya pamba katika mafuta ya papa, wakaziba, wakapaka, mpaka nguo zao zikanuka kiasi kwamba askari wa Kisimayu akahamishia mkeka wake upande wa upepo.

Jioni ya pili fundi alimwita Anwari pembeni. "Umemwendea Mwanapili?"

Anwari alikaza macho kwenye pamba mkononi. Mwanapili ndiye aliyekuwa mwenye ile mashine waliyoiba. Mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa akivua kwayo.

"Nimefungwa kwa ajili yake, fundi."

"Sikukuuliza hilo."

"Mahakama haikunituma kwake."

"Mahakama haivuti kamba," fundi alisema. "Mwenye dai asipokuja, hapa hakuna atakayeinuka. Hata mimi ningekuwa nimekaa nao barazani ningebaki nimekaa."

Anwari alikwenda. Alifika mpaka kwenye pembe ya nyumba ya Bi Mwanapili, akaona mlango wa makuti uko wazi na moshi wa jikoni unatoka, akarudi. Kesho yake akaenda tena, akafika pale pale, akarudi. Alijiambia hajui la kumwambia. Ukweli ni kwamba alilijua.

Jumatatu maji yalianza kujaa. Walipanga magogo mchangani, wakafunga kamba nene kwenye pua ya boti, na Anwari akailaza, pima baada ya pima, mpaka mwisho wake ukagusa maji. Wanawake wa nyumba ya fundi walikuwa wamepika sufuria kubwa ya wali wa nazi kwa ajili ya wavutaji. Kisha wale sita walisimama karibu na boti, mahali pazito, ndipo desturi inapomweka mwenye chombo.

Hakuna aliyekuja.

Watu walikuwepo. Walijaa barazani mwa msikiti na chini ya mapaa ya majiko, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Walikuwa wakizungumza kwa sauti za kawaida kabisa, kama watu waliokaa kupumzika. Kamba ilikuwa imelala kati yao na boti, na jua linaipiga. Wimbi dogo lilikuja likailowesha ncha, likarudi.

Zakiya alivua viatu, akaikamata kamba peke yake. Askari wa Kisimayu alimtazama, akaiweka bunduki yake begani vizuri, akabaki alipo.

"Adnani angeleta watu kumi kwa simu moja," Fuadi alinong'ona.

"Nyamaza."

"Nasema kweli tu. Atapiga leo. Alinipigia tena juzi, akasema leo ndio mwisho, wenyewe wanarudi kesho kutoka msibani." Fuadi aligusa mfuko wa shati. "Maji yakitoka kabla hatujavuta, mimi nitapokea, Anwari. Nakwambia mapema usije ukasema nilikusaliti."

Maji yalifika kwenye gogo la kwanza, yakafika la pili. Fundi Abdulrazaq alikuwa akitazama jiwe moja ufukoni alilozoea kupimia kina cha maji. Wali ulianza kupoa. Anwari alihisi miguu inataka kutembea, popote, hata ndani ya maji. Alijizuia kwa kuibana kamba mpaka nyuzi zikamchoma.

Ndipo mazungumzo ya barazani yakakatika.

Bi Mwanapili alikuwa akija. Mwanamke mwembamba, mwendo wa polepole, kanga yake ameifunga kiunoni kama anayekwenda kuchota maji. Hakuja kwenye kamba. Alipita kando yake mpaka alipokuwa Anwari, akasimama karibu sana, akamtazama usoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Bi Mwanapili."

"Nilisikia umekufa. Nikasikia uko Mombasa. Mwaka jana nikasikia umefungwa, sikuamini, kwa sababu mchu akifungwa kwa ajili yangu si nitaitwa nikaulizwe? Hakuna aliyeniita. Leo naambiwa umefungwa, umefundishwa kazi, umepewa chombo na mashine mpya." Aliitazama ile mashine iliyofungwa nyuma ya boti. "Nzuri. Mwanangu Mohamed anasukuma mkokoteni Mombasa. Aliuza boti, boti bila mashine ya nini?"

Zakiya, kamba ingali mkononi, aliinamisha uso. Kati ya viti vyote alivyovipanga mwaka ule, vya gereza, vya mahakama, vya polisi, hakuwahi kumwekea mama huyu kimoja.

"Nilifika mpaka pembeni mwa nyumba yako," Anwari alisema. "Mara mbili."

"Nilikuona. Mara mbili nikasema, huyu anakuja kuangalia mna nini cha kuiba." Barazani mtu alicheka, akanyamaza haraka. "Sikuulizi kwa nini uliiba. Ulikuwa na njaa, ulikuwa na ujinga, vyote navijua. Nakuuliza jambo moja. Mashine yangu ulimuuzia nani?"

Anwari alihisi Fuadi akikakamaa ubavuni mwake.

Swali hilo aliulizwa na polisi, akasema hamjui mtu. Aliulizwa mahakamani, akasema ni mtu wa njiani, na kwa jibu hilo alifungwa muda mrefu zaidi. Kisimayu, aliyesema jina la Adnani hakuwa na mahali pa kurudi. Asingepata kazi chafu tena, hata siku ya njaa kali. Ndiyo maana hakulisema. Aliliacha kama mtu anavyoacha mlango wa uani bila komeo.

Na sasa askari alikuwa pale, hatua chache, masikio wazi.

"Anwari," Fuadi alisema kwa sauti ya chini, "ukisema, umesema na kwa niaba yangu."

"Najua."

"Basi fikiri."

Maji yalikuwa yamefika kwenye jiwe la fundi. Fundi alikohoa.

"Nilimuuzia Adnani," Anwari alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia kwa nguvu zaidi. "Adnani mwenye duka la vipuri sokoni. Hata wiki hii amepiga simu. Anataka mashine mbili za Koyama, wenyewe wako msibani."

Minong'ono ilipita barazani kama upepo kwenye makuti. Askari alitoa simu yake, akaanza kuzungumza Kisomali haraka haraka. Fuadi alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na uso wa mtu aliyeng'olewa jino: maumivu, na nafasi pale jino lilipokuwa.

Bi Mwanapili hakusema amesamehe. Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata kitu alichokipoteza na kukikuta si kizuri kama alivyokumbuka.

"Mohamed nitamwambia," alisema. "Akitaka kurudi, kwenye chombo hiki kutakuwa na mahali pake?"

"Patakuwepo."

"Baraza zima limesikia." Aligeuka, akashuka mpaka alipokuwa Zakiya, akamsogeza kwa kiwiko. "Hivyo siyo, mwanangu. Utachubuka. Kamba hushikwa kwa upande huu." Akaikamata. Kisha, bila kutazama barazani, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Maji yatatoka wakati nyinyi mnasubiri wali upoe?"

Yule mvuvi wa Ngumi aliyewanyima samaki, aliyekuwa amekuja kutazama, ndiye aliyeinuka wa kwanza. Wa pili alikuwa imamu. Halafu haikujulikana nani ni wa ngapi. Si wote walioinuka. Wazee wawili walibaki wamekaa mpaka mwisho, na nyumba moja ilifunga mlango wake. Lakini kamba ilinyanyuka kutoka mchangani urefu wake wote, ikachuruzika maji, ikakazika.

"Hoo—ya!" fundi alipiga kelele.

"Ya!"

Boti ilitoa mlio, haikusogea.

"Mnavuta au mnapiga picha? Hoo—ya!"

"Ya!"

Ilisogea upana wa kiganja. Gogo la mbele lilivunjika, watu wakaanguka juu ya watu, kicheko kikapanda, mama mmoja akalaani mguu wa mumewe. Waliinuka. Walivuta tena. Anwari alikuwa kwenye ubavu wa boti, bega limegandamana na ubao alioupiga randa yeye mwenyewe, akisukuma huku haoni mbele ila mgongo wa Fuadi uliolowa.

Ndani ya mfuko wa shati wa Fuadi, simu ilianza kulia.

Ililia ikanyamaza. Ikalia tena. Askari aliisikia, akatazama upande ule.

"Fuadi," mtu mmoja alisema kwenye kamba, "simu yako."

"Hoo—ya!"

"Sina mkono!" Fuadi alipiga kelele, na boti ikateleza.